Kompyuta ya gemu isiyonguruma, yenye Windows na Linux: maswali ninayoulizwa kila mara hapa Mbeya

Nafunga kompyuta za watu hapa Mbeya, na siku hizi karibu kila anayetaka ya gemu anataka mifumo miwili ya uendeshaji ndani yake: Windows kwa gemu zisizokubali kitu kingine, Linux kwa masomo na kazi. Maswali ni yaleyale, na mengi huingia WhatsApp usiku mtu akiwa tayari kashanunua nusu ya spea. Majina ya vifaa nimeyaacha kama yalivyoandikwa kwenye maboksi ili usipotee dukani.

Gemu lenyewe lina kelele. Kwa nini nihangaike na ukimya wa kompyuta?

Ungekuwa Dar nisingekusumbua. Kule panga boi linazunguka usiku kucha, na mngurumo wa kompyuta unamezwa humohumo. Huku nani ana panga boi? Kipupwe kikiingia, Juni na Julai, umefunga dirisha, umevaa sweta, na chumba kimenyamaza mpaka unasikia malori yakibadilisha gia barabara kuu. Ndani ya ukimya huo feni ya bei chee ni kiwanda.

Halafu nyumba zetu nyingi za kupanga, ukuta unaishia kwenye silingi bodi. Juu ya hapo vyumba vyote ni chumba kimoja. Nilipokuwa nimepanga Mwanjelwa, na mashine yangu ya kwanza, mama mwenye nyumba aliniuliza asubuhi moja kwa upole kabisa: "Mwanangu, usiku unasaga nini humo ndani?" Nilikuwa nimevaa hedifoni nikidhani ndiyo ustaarabu wenyewe.

Kelele inatoka wapi hasa?

Kwenye joto. Kipuri kikila wati nyingi kinapata joto, joto linaamsha feni, na feni ndiyo unayoisikia. Kwa hiyo kazi inaanza dukani, kwa kuchagua vipuri vinavyokula wati chache kwa kazi ileile. Kuziba kasha kwa sponji baadaye ni kuchelewa, na mara nyingi kunaongeza joto.

Kuna hesabu mbili zitakazokusaidia. Ukipunguza mzunguko wa feni kwa nusu, hewa inayopita inapungua nusu, lakini kelele inashuka kwa takribani desibeli 15, na sikio huhesabu kila desibeli 10 kama kelele kupungua nusu. Ya pili: ukiongeza feni nyingine inayofanana na ya kwanza, kelele inapanda desibeli 3 tu. Ndiyo maana feni tatu kubwa zinazozunguka polepole ni kimya kuliko moja ndogo inayohangaika. Wateja huniangalia kwa shaka ninapowaambia waongeze feni ili kelele ipungue. Basi wajaribu.

Vyanzo vingine ni diski ya kuzunguka, koili za kadi ya grafiki zinazopiga mluzi mwembamba, na mtikisiko wa kasha lenye bati laini. Hiyo ya mwisho naieleza chini.

Mbeya iko juu. Hewa nyepesi haiharibu upoaji?

Inapunguza kidogo, ndiyo. Mji uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na pwani. Ni sababu ileile inayofanya maharage yetu yachelewe kuiva: maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Feni ikizunguka kwa kasi ileile inasukuma hewa yenye uzito mdogo, kwa hiyo joto inalobeba linapungua kidogo.

Lakini chumba chako kina nyuzi 16 jioni wakati cha mwenzako wa Kariakoo kina 30. Hizo nyuzi 14 ni zawadi, na zinazidi hasara ya hewa nyepesi kwa mbali. Mashine ambayo Dar ingezungusha feni mpaka mwisho, hapa au Njombe inatulia. Hata diski za kuzunguka huwa zimepimwa kufanya kazi mpaka mita 3,000 hivi, kwa hiyo usimsikilize anayekutisha.

Prosesa ipi?

Kwa gemu za kawaida kwenye monita ya 1080p (Full HD), Ryzen 5 5600 ya AMD au Core i5-12400F ya Intel zinatosha na hazichemki ovyo. Zote zina kori 6 na zote zimeandikwa wati 65, ingawa hiyo ya Intel ikiachiwa inapanda mpaka 117. Ukitaka njia ya kuboresha baadaye bila kubadilisha mazabodi (bodi kuu inayobeba vipuri vyote), chukua Ryzen 5 7600. Nayo ni wati 65, ila inadai RAM za DDR5.

Angalia herufi ya mwisho. F kwenye Intel maana yake haina grafiki ya ndani, na bila kadi utaona giza tupu. Ryzen 5 5600 nayo haina, 5600G inayo. Mtu mwenye fedha inayokuja kidogo kidogo namshauri 5600G: anacheza gemu nyepesi leo, kadi anaongeza akivuna.

Prosesa kubwa za wati 125 na kuendelea ziache. Kwa gemu utaona tofauti ndogo, kwa kelele utaona kubwa.

Kipozeo kinachokuja ndani ya boksi la prosesa kinafanya kazi, ila ndicho cha kwanza ninachokibadilisha. Kipozeo cha mnara chenye feni ya milimita 120, hata cha bei ya chini kama Thermalright au Arctic, kinaiacha prosesa ya wati 65 ikipoa kwa feni usiyoisikia.

Kadi ya grafiki: AMD au NVIDIA?

Hapa ndipo mifumo miwili inapoanza kuamua badala yako.

Kwenye Linux, draiva ya AMD imo ndani ya mfumo wenyewe. Unachomeka kadi, unawasha, unacheza. NVIDIA inahitaji draiva yake ya pembeni. Siku hizi inafanya kazi vizuri, lakini ukiwa umewasha Secure Boot (ulinzi unaokataa programu zisizosajiliwa kompyuta inapowaka) lazima uisajilie ufunguo kwenye skrini ya bluu ambayo huwatoa watu jasho. Na Secure Boot hutaki kuizima, kwa sababu kuna gemu upande wa Windows zinazoidai. Valorant kwenye Windows 11 ni mojawapo.

Kwa hiyo nikiulizwa na mtu asiye na sababu maalumu, nasema AMD. Mwenye sababu maalumu ni yule anayefanya kazi za video, Blender au akili mnemba. Huyo NVIDIA inamfaa, avumilie ufunguo.

Sasa wati. RX 6600 inakula 132. RTX 4060 inakula 115. RTX 3060 inakula 170, ila ina kumbukumbu ya GB 12 wakati hizo mbili zina 8. Chini ya wati 150 kadi yenye feni mbili inaweza kukaa kimya, na nyingi huzima feni kabisa unapoandika au kuangalia filamu. Kadi fupi yenye feni moja, hata ikiwa na chipu ileile, sinunui. Bati lake la kupozea ni dogo, kwa hiyo feni hiyo moja inalia kwa niaba ya wote.

Halafu kuna dawa ya bure ambayo watu hawaitumii: weka ukomo wa fremu. Monita yako ni ya hezi 60 au 75, kadi inachora fremu 190 kwa sekunde za nini? Weka ukomo kwenye mipangilio ya gemu. Joto linashuka, feni zinashuka, na ule mluzi wa koili unaousikia kwenye menyu mara nyingi unakufa hapohapo. Mteja mmoja alikuwa yuko tayari kurudisha kadi dukani. Nilimbadilishia namba moja tu kwenye menyu.

Nikinunua kadi iliyotumika?

Nunua, ila uione ikicheza gemu dakika ishirini, hata kwa simu ya video kama muuzaji yuko mbali. Sikiliza feni: mkwaruzo maana yake beringi imeisha. Ikiwa ilichimba sarafu za mtandaoni siyo lazima iwe mbovu, lakini pesti na pedi za joto zitakuwa zimekauka, na utazibadilisha.

Pawasaplai si yoyote tu? Mbona unaisisitiza?

Ndicho kipuri ambacho watu hukimalizia chenji, na ndicho kinachoweza kuua vingine vyote.

Nilishauziwa moja, dukani pa mtu nisiyemtaja, imeandikwa wati 600 kwa herufi za dhahabu. Nilipoishika mkononi ilikuwa nyepesi kama boksi la chaki. Ningesimama hapo. Sikusimama, nilikuwa na haraka, mwenye kompyuta ana mtihani. Ilikaa wiki tatu, kisha jioni moja umeme uliporudi ikatoa harufu ya plastiki na kunyamaza. Nilipoifungua baadaye, sehemu za koili za kuchuja umeme zilikuwa tupu, pameungwa vipande vya waya tu. Bahati mazabodi ilipona.

Tangu hapo nafanya hivi: nataka iliyotoka kwa kampuni yenye dhamana ya miaka mitano au zaidi, nataka alama ya 80 Plus, Bronze kwa uchache, na naipima kwa mkono. Alama hiyo inasema umeme mwingi kiasi gani haupotei kuwa joto. Haisemi kama ni kimya, na wenye kuigushi wapo. Kwa prosesa ya wati 65 na RX 6600, mashine nzima ikicheza gemu haizidi sana wati 250. Wati 550 za kweli zinatosha na kubaki, na kwa kuwa inafanya kazi nusu ya uwezo wake, feni yake inazunguka kivivu. Wati 850 ni kujionyesha.

Kasha na feni nichague vipi, kwa vumbi letu?

Chagua kasha lenye wavu mbele na kichujio kinachochomoka. Yale yenye kioo mbele yanapendeza kwenye picha, lakini hewa inaingilia kwenye nyufa, na feni hulazimika kuivuta kwa nguvu.

Vumbi la hapa lina msimu. Mvua zikikata Mei, kufikia Agosti barabara za mitaa zisizo na lami zinapanda hewani na kutua kwenye kila kitu. Dawa ni kuingiza hewa nyingi kuliko inayotolewa: feni mbili mbele za milimita 140, moja nyuma ya 120. Kasha likijaa hewa, hewa inatokea kwenye nyufa badala ya kuingilia huko, na vumbi linabaki kwenye kichujio ambako unalisugua kwa brashi ya rangi. Kompyuta iwe juu ya stuli au meza, isikae kwenye zulia.

Kuna wageni wengine. Usiku wa baridi ndani ya kasha ndiyo sehemu yenye joto kuliko zote chumbani, na mende wanajua. Vibati vya nyuma vya kuziba nafasi za kadi visipotee. Nimeshatoa mjusi mkavu kwenye kipozeo, Sumbawanga kwa shemeji yangu, na alikuwa analalamika gemu linakwamakwama.

Kupoza kwa maji ni kimya zaidi?

Kwa wati hizi, hapana. Pampu ina mvumo wake usiozimika hata kompyuta ikiwa imetulia. Acha.

RAM na diski?

RAM ni GB 16, vipande viwili vya 8, siyo kimoja cha 16. Vikiwa viwili prosesa inasoma njia mbili kwa pamoja, na kwa wenye 5600G tofauti inaonekana kwa macho. Ingia kwenye bayosi (mipangilio ya mazabodi yenyewe, kabla mfumo haujawaka) uwashe XMP au EXPO, yaani kasi kamili ya RAM, la sivyo RAM ya 3200 itatembea kwa kasi ndogo milele. Bei zilipanda vibaya mwishoni mwa 2025, kwa hiyo ukipata DDR4 iliyotumika na ikapita kipimo cha MemTest86, usiione haya.

Diski, mbili. Hili silegezi. SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) moja ya Windows, nyingine ya Linux. Kugawa diski moja kunawezekana, nimefanya sana, na nimeamshwa usiku sana kwa sababu yake. Zikiwa mbili, kila mfumo una kianzishi chake, yaani programu ya kuuwasha. Mmoja ukiharibika, unauwasha mwingine kwa kubonyeza F11 au F12 wakati kompyuta inaanza, kutegemea mazabodi. Angalia kabla kama mazabodi ina nafasi mbili za M.2 (za SSD bapa zinazochomekwa kwenye bodi yenyewe), kama ina moja, ya pili iwe ya SATA (ya waya), inatosha kabisa kwa Linux.

Ile diski ya kuzunguka yenye TB 1 uliyotoa kwenye kompyuta ya zamani iweke kwenye boksi la USB. Ndani ya mashine kimya, mzunguko wake wa 7,200 kwa dakika utasikika kuliko feni zote.

Nianze kuweka mfumo upi?

Windows kwanza, na diski ya Linux ikiwa haijachomekwa kabisa. Kisakinishi cha Windows kina tabia ya kuweka kianzishi chake kwenye diski nyingine ikiikuta, hata kama wewe umechagua hii. Ukimaliza zima, chomeka ya pili, weka Linux.

Ndani ya Windows fanya mawili kabla hujasahau. Zima Fast Startup, kwa sababu ikiwaka, kompyuta "iliyozimwa" kumbe imesinzia tu, na Linux haitathubutu kuandika kwenye faili za upande huo. Pili, angalia kama BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski, imewaka. Windows 11 za karibuni huiwasha zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, na siku ukigusa mipangilio ya bayosi itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Uandike kwenye daftari. Daftari la karatasi.

Kama unauliza kuhusu Windows 10, msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashine mpya anza na 11, ambayo inadai TPM 2.0 (sehemu ya usalama ya kutunza funguo), prosesa nilizotaja zote zinayo, wakati mwingine unaiwasha tu kwenye bayosi.

Linux ipi? Mgeni, Linux Mint. Mwenye kadi iliyotoka juzi, Fedora au Bazzite, kwa kuwa zinakuja na keneli (kiini cha Linux) mpya na draiva za karibuni.

Nikitoka Linux, saa ya Windows inakosea. Betri ya mazabodi imekufa?

Haijafa. Linux huandika saa ya kimataifa kwenye mazabodi, Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Kwa hiyo saa tatu usiku inakuwa saa kumi na mbili jioni. Kwenye Linux fungua tamino (dirisha la kuandika amri), andika `timedatectl set-local-rtc 1`, imekwisha. Dada mmoja wa Iringa nilimweleza haya kwenye simu akanijibu, "Kaka, mimi nilidhani imeamua kusoma saa za Kiswahili." Hizo zingetofautiana kwa sita.

Gemu gani zitanilazimisha nibaki na Windows?

Zenye programu kali za kuwanasa wanaochiti. EA Sports FC, Valorant, Fortnite, League of Legends na Apex Legends: hizo ni Windows tu. Kwa vijana wa hapa FC peke yake inatosha kuwa sababu ya kuweka mifumo miwili. GTA V upande wa hadithi inakwenda Linux, ile ya mtandaoni inakataa tangu 2024.

Nyingine nyingi za Steam zinakwenda Linux kwa Proton, programu ya kuendesha gemu za Windows ambayo Valve, wenye Steam, waliitoa 2018. Counter-Strike 2 na Dota 2 zina toleo la Linux lenyewe.

Angalia bando lako. Gemu la GB 80 likiwekwa pande zote mbili ni GB 160, na kuzisoma zile za upande wa Windows kupitia Proton huleta matatizo ya ruhusa za faili. Amua mapema kila gemu linakaa wapi. Na kama jirani analo tayari, Steam inaweza kulihamisha kwa mtandao wa ndani kutoka kompyuta yake kwenda yako bila kugusa intaneti. Jamaa wa hosteli hubeba kompyuta zao kwa mwenzao mwenye gemu kama watu wanaokwenda kusaga kwa jirani.

Nimezituliza feni kwa programu ya Windows, nikiingia Linux zinapiga kelele tena.

Ndiyo, kwa sababu programu imebaki kule. Feni zitulize kwenye bayosi, hapo zinatii mifumo yote. Nunua zenye pini nne. Za kasha ziweke kwenye mizunguko 700 mpaka 800 kwa dakika, zisibadilike mpaka prosesa ipite nyuzi 65. Weka na ucheleweshaji wa sekunde chache kama bayosi inao, maana sikio linasamehe mvumo wa kudumu, lakini halisamehi feni inayopanda na kushuka kila ukifungua tabo mpya.

Kupunguza wati za kadi, huko kila mfumo una wake: MSI Afterburner upande wa Windows, LACT upande wa Linux.

Kompyuta ya ofisi ya mtumba, nikiongeza kadi, haitoshi?

Zile OptiPlex za Dell na EliteDesk za HP? Kwa mwanzo inatosha, na zilivyo zenyewe ni kimya sana. Shida inaanza unapotaka kukua. Pawasaplai nyingi za humo zina plagi za kiwanda chao tu, kasha halikubali kadi ndefu, mazabodi haikubali kasha jingine. Pia ukitaka Windows 11 hakikisha prosesa ni Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Ukiipata kwa bei nzuri, weka kadi fupi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, kama GTX 1650 ya kimo kidogo, ucheze. Usianze kuikata kwa msumeno. Nimeona.

Umeme ukikatika? Na LUKU itanila kiasi gani?

Kwa wati 250, saa nne za gemu ni yuniti moja. Kila siku kwa mwezi ni yuniti 30. Aliye kwenye tarifu ya matumizi madogo, yenye ukomo wa yuniti 75 kwa mwezi, afanye hesabu na friji na pasi kabla hajavuka, kwa sababu ng'ambo ya ukomo huo bei ya yuniti inaruka.

UPS (betri ya akiba ya kompyuta) ni lazima, na itafute yenye uwezo wa kurekebisha volti, siyo kushika umeme ukikatika tu. Huku kwetu volti kushuka jioni ni jambo la kawaida kuliko kukatika. VA 1,000 inakupa dakika za kuhifadhi na kuzima. Pawasaplai nzuri za kisasa zina hulka ya kugombana na UPS za bei ya chini zinazotoa umeme usio laini: umeme wa nje ukikatika, kompyuta nayo inazima. Ijaribu nyumbani siku ya kwanza kwa kuchomoa plagi ya UPS ukutani ukiwa kwenye gemu, dhamana ikiwa bado mbichi. Na tafuta namna ya kunyamazisha mlio wake wa kengele, la sivyo jirani ataamshwa na UPS badala ya kompyuta.

Radi za Desemba mpaka Machi, chomoa vyote. Waya wa intaneti pia.

Spea zikitoka Kariakoo kwa basi zinafika salama?

Zinafika zikifungwa vizuri. Ni zaidi ya kilomita 800, na parseli yako inalala chini ya magunia. Mwambie muuzaji atume vipuri kwenye maboksi yake ya kiwandani, vikiwa havijafungwa kwenye kasha. Kompyuta iliyokwisha kuunganishwa ikisafiri na kadi ndani, uzito wa kadi unaivuta nafasi yake kwenye mazabodi kila tuta. Kama lazima isafiri nzima, chomoa kadi, na kasha lilale ili mazabodi iwe chini na kipozeo kisimame juu yake.

Ukiwa wewe unashuka nayo Dar, usiiwashe ukifika. Bati lililotoka kwenye baridi likikutana na hewa ya joto yenye unyevu linatoka jasho kama chupa ya soda. Iache saa kadhaa.

Nimefuata yote, bado kuna sauti ya "tik, tik, tik".

Zima, fungua ubavu, washa tena ukiwa na tochi ya simu. Gusa katikati ya kila feni kwa kidole, polepole, sekunde moja moja, mpaka sauti ikate. Yangu ilinisumbua siku nne. Nilibadilisha feni ya nyuma, nikapaka pesti upya, nikaanza kushuku diski ambayo ni SSD na haina kitu kinachozunguka. Kumbe ncha ya kifungio cha plastiki, kile cha kubana nyaya, nilikuwa sijaikata. Ilikuwa inagusa pezi la feni ya mbele kwa unywele tu. Mkasi wa kucha, imeisha.

Kama si waya, bana kasha kwa viganja viwili pande zote. Mvumo ukipungua, ni bati linalotetema: kaza skrubu, weka vipande vya raba ya ndala chini ya miguu yake. Ndala za zamani zinafaa kuliko mpya, ni laini.

Taa za rangi unashauri?

Hazipigi kelele, weka. Ila programu nyingi za kuziongoza ni za Windows, na upande wa Linux ukikosa programu ya OpenRGB zitabaki kuwaka upinde wa mvua usiku kucha mtoto akiwa amelala. Wa kwangu alizipenda, mama yake akazichomoa.